SOMO: Kiungulia cha usiku, anza na sahani ya jioni

Habari zenu wapendwa. Nimeteseka na kiungulia miaka minne, saa nane usiku nimekaa kitandani kifua kinawaka, maji machungu yanapanda mpaka kooni, asubuhi sauti imekauka. Dawa zilinisaidia ila nikiacha tu kinarudi, mpaka nilipobadilisha ulaji, ndo maana naandika.

Chini ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni, pale unapoungana na tumbo, kuna msuli unaofunga kama mlango. Ukilegea, au tumbo likijaa kupita kiasi, asidi inapanda juu, na umio hauna kinga kama ya tumbo ndo maana unaungua. Vyakula vya mafuta vinaulegeza huo msuli halafu vinachelewa kutoka tumboni.

Hatua ya 1: Chukua daftari. Wiki mbili andika umekula nini, saa ngapi, na kiungulia kimeanza saa ngapi. Mimi niliyakataa maharage muda mrefu nikijua ndo adui, kumbe daftari likanionyesha kila usiku mbaya ulikuwa na chapati na chai ya rangi saa nne usiku. Maharage nimerudia na sina shida. Kila mtu na chake, usikopi orodha ya jirani.

Hatua ya 2: Saa ya kula. Hii kwangu ndo kubwa kuliko zote. Chakula cha mwisho kiwe masaa 3 kabla ya kulala, ukilala saa nne basi saa moja uwe umemaliza, na baada ya hapo hakuna karanga wala andazi la kusindikizia.

Hatua ya 3: Kiasi na mapishi. Ule mlima wa ugali punguza nusu, ukisikia njaa mapema kula kidogo tena mchana. Mchuzi usiwe ule wa mafuta yanaelea juu, mimi naweka kijiko kimoja cha mafuta sufuria nzima, nyanya moja badala ya nne, rangi naitafuta kwa karoti. Samaki wa kuchemsha, viazi vitamu, uji wa ulezi, ndizi mbivu na papai vimenikubali. Chipsi na pilipili jioni niliacha kabisa.

Hatua ya 4: Kahawa, soda, juisi ya machungwa au ndimu, pombe, sigara. Punguza kimoja kimoja uone kipi kinakusumbua. Sigara acha tu.

Hatua ya 5: Kitanda. Weka tofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, upande huo unyanyuke sentimita 15 hadi 20. Mito mingi haisaidii maana inakukunja tumbo. Lalia ubavu wa kushoto.

MASWALI

Dada, maziwa je? Bibi yangu anasema yanazima moto.
Yanatuliza kwa muda mfupi mamii, baadae tumbo linaweza kutoa asidi zaidi, hasa yakiwa na mafuta mengi. Usiyafanye dawa.

Mimi ni mlinzi natoka lindo saa 12 asubuhi, nakula nalala hapo hapo. Nifanyeje?
Kaka yangu hesabu ni ile ile ya masaa, sio ya giza. Kula mlo mkubwa lindoni saa tisa usiku, ukifika nyumbani uwe mwepesi.

Nina mimba ya miezi 7, sikuwahi kuwa nacho kabla!
Hongera mdogo wangu. Homoni za mimba zinalegeza ule msuli na mtoto anasukuma tumbo. Kula kidogo kidogo mara nyingi, na dawa yoyote muulize nesi wa kliniki kwanza.

Nalamba magadi soda kila siku yananituliza, kuna ubaya?
Upo mkuu, yana chumvichumvi nyingi, kwa mwenye presha au figo ni hatari. Na ukiyahitaji kila siku ujue tatizo bado lipo.

Baba yangu chakula kinakwama kifuani, amepungua sana, na choo chake cheusi kama lami.
Hapo habari ya daftari achana nayo, mpelekeni hospitali leo hii. Na yeyote mwenye maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au kwenye taya huku anatoka jasho, asikae kusema ni kiungulia, akimbizwe.