SOMO: Kufunga manifoldi ya eksozi na senso ya oili ukibadilisha injini ya Hilux (2L kwenda 3L au 5L)

Wakuu habari za kazi. Hizi Hilux za zamani zenye injini ya dizeli ya 2L (hilo ni jina la injini, si lita; cc 2446) ikishachoka wengi tunatafuta 3L (cc 2779) au 5L (cc 2986) ya mtumba, na kweli ni ukoo mmoja, inakaa bila kelele nyingi. Shida huwa inaanzia kwenye vitu viwili ambavyo fundi anavimalizia jioni jioni huku mwenye gari anasubiri ufunguo: manifoldi ya eksozi (chuma kinachokusanya moshi kutoka kwenye hedi) na senso ya presha ya oili. Leo ni hivyo viwili tu, mambo ya gia boksi siku nyingine.

Mimi naenda na kanuni moja, manifoldi ni ya chasisi na senso ni ya dashibodi. Injini ikija na vyake usivifunge kisa tu vimekuja nayo. 3L na 5L nyingi sokoni zimetoka kwenye HiAce, na kule eksozi inashuka kwa njia ya HiAce, ukiileta kwenye Hilux unaweza kukuta inabusu fremu au rodi ya usukani, ndo unaona mtu anakata na kuchomelea vipande vitatu vya bomba wakati manifoldi ya zamani ipo chini pale inamwangalia. Bakuli la oili nalo lilinganishe hapo hapo, likiwa tofauti hamisha la zamani pamoja na strena yake (chujio la kunyonyea oili).

HATUA YA 1: Fungua manifoldi zote mbili injini ikiwa bado chini. Nati zilizoshika kutu zipige mafuta ya kulegeza usiku mmoja kabla, usianze na bomba refu kwenye spana, stadi (bolti isiyo na kichwa) itakatika na hapo utatafuta mtu wa kuchomelea nati juu yake. Stadi za kuchomoa funga nati mbili zibanane zenyewe halafu zungusha ile ya ndani.

HATUA YA 2: Chukua gasketi mpya, ilaze kwenye hedi, kisha ilaze kwenye manifoldi unayotaka kutumia. Matundu ya bolti na ya moshi yote yalingane, gasketi isiingie ndani ya tundu hata kidogo. Halafu weka rula ya chuma juu ya uso wa manifoldi mwanga ukitokea nyuma, ukiona imepinda katikati peleka ikapigwe fesi, yaani isagwe iwe bapa. Usiizibe kwa silikoni! Silikoni ya kawaida pale inaungua siku ya kwanza tu na utarudi kufungua upya.

HATUA YA 3: Stadi na nati mpya, grisi ya shaba kidogo kwenye nyuzi. Anzia katikati ukielekea pembeni, kushoto kulia kushoto kulia, raundi ya kwanza mkono tu, ya pili nusu, ya tatu ndo unamalizia kwa toki renchi (spana ya kupima nguvu ya kubana) kwa kipimo cha kitabu cha injini yako. Chuma hiki kinatanuka sana kikipata moto, ukianza kubana pembeni unakifungia katikati na kitapasuka. Washa hadi ipate moto, zima, ikipoa kabisa pitia nati tena.

Kabla ya kushusha injini ndani ya gari angalia kinachopita karibu: waya wa stata, paipu ya klachi, paipu ya breki. Kama ile bati ya kukinga joto imetupwa, itafute, msiione kama urembo.

HATUA YA 4, senso. Hapa ndo pana vituko. Toyota za aina hii zina vitu viwili tofauti vinavyofungwa tundu lile lile na kila kimoja kina waya mmoja: swichi ndogo ya taa, na senda kubwa kama kikombe ya geji ya mshale. Swichi ikiwa haina presha inagusa bodi, taa inawaka, presha ikipanda inaachia. Sasa ukiweka swichi kwenye gari la mshale, ukizungusha ufunguo kabla ya kuwasha mshale unapanda juu, ukiwasha injini unashuka sifuri, mwenye gari presha inampanda yeye. Kinyume chake ndo hatari, senda ya mshale kwenye gari la taa, taa inaweza isiwake kabisa hata oili ikiisha. Kwa hiyo chomoa ya injini ya zamani, au nunua mpya inayofanana na dashibodi yako.

Nyuzi: Toyota ni 1/8 BSPT, nyuzi 28 kwa inchi. Geji nyingi za dukani senda zake ni 1/8 NPT, nyuzi 27. Inaingia raundi mbili vizuri halafu inakaza, fundi anaongeza nguvu, basi tundu limeharibika. Tumia adapta. Na tepu nyeupe usizungushe kama unafunga jeraha, senda ya waya mmoja inapata ethi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi) kupitia nyuzi zake.

HATUA YA 5: Usiwashe moja kwa moja. Chomoa waya wa solenoidi ya kuzima kwenye pampu ya dizeli, piga stata sekunde 10, pumzisha, rudia mpaka taa ya oili izime. Rudisha waya, washa. Injini ikipata moto funga geji ya mkono: sailensa (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta) angalau 0.3 kg/cm², kwenye rpm 3000 iwe kati ya 2.5 na 6.

MASWALI

Mdau wa Makambako: Mkuu yangu asubuhi inalia tiki tiki tiki, ikipata moto inanyamaza. Ni tapeti?
Jibu: Tapeti inaweza ikawa, ila anza na manifoldi. Chuma kikitanuka kinaziba uvujaji. Angalia masizi meusi kwenye maungio, dizeli haifichi.

Mdau wa Mombasa: Nimebuy geji ya VDO lakini senda niliyopewa dukani si yake, mshale unaenda kinyume. Shida ni wiring?
Jibu: Hapana bro, ni omu hizo (kipimo cha ukinzani wa umeme wa senda). VDO nyingi zinaenda 10 hadi 180, za Kimarekani 240 hadi 33, yaani zinashuka presha ikipanda. Geji na senda vinunuliwe pamoja.

Mdau wa Kahama: Nataka taa na mshale vyote, nikifunga T ya shaba kwenye bloki inafaa?
Jibu: T sawa, ila ile senda nzito usiininginize pale, mtetemo wa dizeli utaikata shingo na oili ya moto itarukia manifoldi, gari linaungua hivyo. Vuta hozi ya presha, senda ifunge kwenye bodi na uipe waya wa ethi.

Mdau wa Makambako: Naruhusiwa kugusisha waya wa senda kwenye bodi kupima?
Jibu: Wa taa gusa tu, iwake. Wa mshale pitishia kwenye balbu ndogo ya wati 3.4, ukigusa kavu unaweza kuunguza geji.

Mdau wa Tunduma: Mimi naweka 1KZ-TE (injini ya dizeli yenye turbo), hiyo kanuni ya manifoldi ya zamani inafanya kazi?
Jibu: Hapo haifanyi. Turbo imekaa juu ya manifoldi yake, vinabaki pamoja, unatengeneza bomba la kushukia tu. Senso bado inafuata dashibodi. Na namba ya injini mpya kaibadilishe TRA, kadi isome sawa, usisubiri hadi siku unauza gari.