Kompyuta Inapozimika Katikati ya Mchezo: Jinsi ya Kutafuta Chanzo Hatua kwa Hatua

Kijana mmoja wa mtaa wa Nyalenda aliniletea kompyuta yake ya mezani hapa karakanani, katikati ya mji wa Kisumu, akieleza kwamba kila anapocheza mchezo wa mpira inazimika na kujiwasha upya, ilhali akiandika kazi za chuo au kutazama filamu haimsumbui hata kidogo. Nilisafisha feni, nikabadilisha RAM (vibao vya kumbukumbu ya muda), nikamrudishia. Baada ya siku mbili akarudi nayo. Nikafuta Windows na kuiweka upya, nikauendesha mchezo mchana kutwa bila tatizo lolote, nikamrudishia tena, usiku huohuo akanipigia simu: "Fundi, imezimika tena." Mwongozo huu nimeuandika baada ya kukipata chanzo, na nimeupanga kwa utaratibu ambao ningalipaswa kuufuata tangu siku ya kwanza. Unamfaa mwenye kompyuta ya mezani ya Windows 10 au 11 ambaye anaweza kufungua kasha kwa bisibisi.

Kabla ya yote, shika kanuni moja: badilisha kitu kimoja tu, jaribu, andika matokeo daftarini, kisha ndipo uende kwenye kitu kingine. Anayebadilisha draiva (programu inayoiwezesha Windows kukiendesha kifaa), RAM na feni kwa siku moja hatajua ni kipi kilichomsaidia, na hitilafu ikirudi ataanza upya akiwa ametumia fedha zake zote.

Hatua ya 1: Tambua namna inavyoanguka

Wateja wengi husema tu kwamba kompyuta "inazima", lakini neno hilo hubeba mambo manne yasiyofanana. Kwanza, mchezo peke yake hufungika na kukurudisha kwenye Windows. Hapo shuku mafaili ya mchezo, draiva au RAM. Pili, picha huganda, skrini huwa nyeusi kwa sekunde chache kisha hurudi. Hapo shuku kadi ya michoro au draiva yake. Tatu, hutokea skrini ya buluu yenye maandishi. Nne, kompyuta yote hukatika kana kwamba mtu amechomoa waya, bila ujumbe wowote. Hapo shuku umeme au joto.

Aina ya tatu na ya nne huchanganywa mara nyingi, kwa kuwa Windows hujiwasha upya kabla hujasoma skrini ya buluu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, fungua mipangilio ya Startup and Recovery, kisha ondoa alama kwenye Automatically restart.

Uliza pia jambo ambalo mimi sikuliuliza: inazimika saa ngapi, na ikiwa wapi? Laiti ningaliuliza, ningaliokoa siku tisa.

Hatua ya 2: Soma kumbukumbu za Windows

Fungua Event Viewer, ingia Windows Logs, kisha System, na utafute mistari ya dakika ile kompyuta ilipoanguka. Mstari wa Kernel-Power wenye namba 41 huwatia watu hofu bure, kwani unasema tu kwamba Windows haikufungwa ipasavyo, hautaji sababu. Faida yake imo ndani: fungua sehemu ya Details uangalie BugcheckCode. Ikiwa ni 0, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kosa, jambo linaloelekeza kwenye umeme uliokatika au mashine iliyoganda kabisa. Ikiwa ni namba nyingine, kulikuwa na skrini ya buluu, na faili lake huenda limo ndani ya C:\Windows\Minidump.

Mstari wa Display wenye namba 4101 unamaanisha kwamba draiva ya kadi ya michoro iliacha kuitikia ikawashwa upya. Kwa kawaida Windows huivumilia kwa sekunde 2 tu. Mstari wa WHEA-Logger wenye namba 18 ni kosa la vifaa vyenyewe, na ukiuona huna haja ya kuhangaika na mafaili ya mchezo.

Kompyuta ya yule kijana ilikuwa na mistari kumi na moja ya namba 41, yote ikiwa na BugcheckCode 0.

Hatua ya 3: Joto na vumbi

Pakua HWiNFO, programu ya kusoma joto na vipimo vingine vya kompyuta, ifungue kwa sehemu ya vipimo pekee, na uiamuru iandike vipimo vyote kwenye faili kila sekunde wakati unacheza. Mimi huipendelea kuliko programu zinazoonyesha namba kwenye kona ya skrini, kwa sababu kompyuta ikizimika faili hubaki, na unaweza kusoma sekunde za mwisho kwa utulivu.

Prosesa nyingi za Intel zina kikomo cha nyuzijoto 100, na Ryzen 5 3600 ya AMD ina kikomo cha 95. Zikikaribia hapo hupunguza mwendo kwanza ili zijiokoe, na huzima kompyuta pale tu jitihada hiyo inaposhindikana. Kwa hiyo mchezo ukianza kukwamakwama kabla ya kuzimika, shuku joto. Ukienda vizuri mpaka sekunde ya mwisho, huku vipimo vikiwa 70 au 75, achana na joto.

Kisumu mchana hufika nyuzijoto 30 mara nyingi, na nyumba zilizo karibu na ziwa zina jambo lake: wadudu wadogo wa ziwani hufuata taa usiku na kunyonywa na feni, wakajishindilia pamoja na vumbi katikati ya mapezi ya kipoza joto mpaka hewa isipite. Watoe kwa brashi laini na kipulizio, ukiizuia feni kwa kidole isizunguke. Ukikifungua kipoza joto cha prosesa, paka ute mpya wa kupitisha joto; ule wa zamani usirudishwe.

Hatua ya 4: RAM

Ingia BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka), zima XMP, mpangilio unaoiharakisha RAM, ili RAM iende kwa kasi yake ya kawaida, kisha cheza. Mchezo ukitulia, umepata pa kuanzia. Baada ya hapo weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, washa kompyuta kwa flashi hiyo, na uiache imalize mizunguko yote 4 ambayo toleo la bure linaruhusu. Kosa hata moja ni kosa. Hakuna RAM yenye kosa dogo. Kipimo cha RAM kilichomo ndani ya Windows sikitumii tena, kwa kuwa kimewahi kuipitisha RAM ambayo MemTest86 iliikamata kwenye mzunguko wa kwanza.

Hatua ya 5: Draiva na mafaili ya mchezo

Steam na Epic zote zina kitufe cha kukagua mafaili ya mchezo, kitumie. Draiva ya kadi ya michoro iondoe kabisa kwa programu ya DDU ukiwa katika hali salama ya Windows na intaneti ikiwa imekatwa, kisha weka draiva mpya uliyoipakua kwenye tovuti ya NVIDIA, AMD au Intel wenyewe. Zile programu zinazojigamba kwamba zitakusasishia draiva zote kwa mbofyo mmoja ziepuke kabisa, kwani nimetumia saa nyingi kuondoa draiva zisizofaa zilizoletwa nazo.

Hatua ya 6: Umeme

Hapa ndipo nilipopotelea, na hapa nakuomba usiharakishe.

Anza na jaribio lisilogharimu chochote. Fungua MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi ya michoro, na ushushe kikomo cha nguvu za kadi ya michoro hadi asilimia 65, kisha cheza. Ikiwa kompyuta iliyokuwa ikizimika kila baada ya dakika ishirini sasa inamaliza saa mbili, na joto ulikwisha kulifuta kwenye orodha, basi kadi inaomba nguvu ambazo haizipati. Jaribio hili lifanye kwa mchezo uleule unaoangusha kompyuta. Programu za kuichosha kadi huibebesha mzigo usiobadilika, ilhali mchezo hupandisha na kushusha mzigo mara nyingi ndani ya sekunde moja, na huko kupanda kwa ghafla ndiko kunakoiangusha pawasaplai dhaifu, yaani kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme.

Kisha fungua kasha na ufuate nyaya za kadi. Tundu la ubao mama hutoa wati 75 kwa kadi. Plagi ya pini sita huongeza 75, na ya pini nane 150. Kompyuta nyingi zinazouzwa kwetu ni za ofisi zilizokwisha kutumika Ulaya, zenye pawasaplai za wati 240 au pungufu, na hizo huzifaa kadi zisizohitaji plagi ya ziada, kama GTX 1650 ya wati 75. Ukikuta mtu ameunganisha waya wa kugeuza plagi ya SATA kuwa plagi ya kadi, uondoe leo, kwa sababu plagi ya SATA imekusudiwa wati 54 tu kwenye volti 12, na nimeziona zikiyeyuka.

Kadi ya yule kijana ilikuwa GTX 1660 Super ya wati 125, na pawasaplai yake iliandikwa wati 500. Kwa hesabu hiyo niliridhika, nikafunga kasha. Kosa langu lilikuwa kutosoma mstari wa chini wa kibandiko, ule wa INPUT, ulioandikwa volti 200 hadi 240.

Umeme wa Kenya ni volti 240, lakini hizo ni volti za karatasini. Karakana yangu ilikuwa ikipata 238 mchana kutwa, ndiyo maana kompyuta haikuzimika hapa. Nilipokwenda kwao saa moja jioni, wakati mtaa mzima unapika, unapiga pasi na kutazama taarifa ya habari, soketi ya ukutani ilisoma 196. Kompyuta haikuwa hata kwenye soketi hiyo. Ilikuwa mwishoni mwa ekstensheni mbili zilizounganishwa, pamoja na televisheni na pasi ambayo dada yake alikuwa akinyooshea sare za shule. Pale mwishoni nilisoma 184, na plagi ya ekstensheni ya kwanza ilikuwa ya moto mkononi.

Pawasaplai za bei ya chini zisizo na PFC hai (saketi inayorekebisha namna umeme unavyovutwa kutoka ukutani) hujaza kapasita yake, kijenzi kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi, kwa kilele cha umeme wa ukutani: volti 240 hutoa takriban 339, na volti 184 hutoa 260 tu. Kwa kuwa akiba ya kapasita hufuata mraba wa volti, akiba hiyo hupungua kwa karibu asilimia 40. Wakati huohuo kompyuta inayovuta wati 260 huhitaji mkondo mkubwa zaidi. Ukisoma makala mzigo ni mdogo, kwa hiyo akiba inatosha. Kadi ikidai nguvu kwa ghafla katikati ya mchezo, haitoshi, na kila kitu hukatika. Pawasaplai iliyoandikwa 100 hadi 240 yenye PFC hai huziinua volti za kapasita hadi karibu 380 hata ukuta ukishuka, kwa hiyo 184 haiishtui.

Kwa kupima, nunua kipimo kidogo cha volti kinachochomekwa moja kwa moja kwenye soketi. Simshauri asiye fundi wa umeme kuingiza ncha za multimita kwenye soketi za Kenya, kwa kuwa vifuniko vya ndani hulazimisha kuchokonoa, na mkono ukiteleza unaguswa na volti 240. Pima ukutani na pale kompyuta ilipo, mchezo ukiendelea, saa ileile inapozimika. Pawasaplai yenyewe usiifungue. Kapasita zake huhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa. Na ikiwa ina swichi nyekundu ya 115 na 230, isiguswe kamwe, kwani kwenye 115 itapasuka papo hapo.

Mwenye UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, naye asijione salama. Kiasi kilichoandikwa kwa VA si wati: UPS ya 650 VA inaweza kutoa wati 360 au chini ya hapo, na betri ikizeeka hukata mara tu inapoitwa. Hifadhi kazi zako, anza mchezo, kisha chomoa UPS ukutani uone kama kompyuta inabaki hai. Nikichagua, huchukua UPS inayosawazisha volti yenyewe bila kuhamia betri, wala si stebilaiza pekee.

Hatua ya 7: Jaribu mahali na saa ileile

Tulianza kwa kuondoa ekstensheni na kuipeleka kompyuta kwenye soketi ya ukutani. Kuzimika kukapungua kutoka kila jioni hadi mara moja katika jioni tatu, hivyo tukajua kwamba ekstensheni ilikuwa sehemu tu ya chanzo. Ndipo tukaweka pawasaplai ya volti 100 hadi 240, wati 550, na kurudisha kikomo cha kadi kwenye asilimia 100.

Usifanye jaribio la mwisho karakanani. Lifanye nyumbani, kuanzia saa moja jioni hadi saa tatu usiku, friji ikiwaka na pasi ikitumika, kwa angalau jioni tano. Kisha rudisha XMP kama ulikuwa umeizima, ucheze jioni nyingine mbili, na ukague Event Viewer. Kwa kompyuta ya Nyalenda daftari langu lina jioni saba, volti za ukutani kati ya 191 na 224, na hakuna namba 41 mpya.