Peji ya biashara isifungiwe: mambo ya kuweka sawa mapema

Mtu akifungiwa peji cha kwanza anasema washindani wamemripoti, na mi naona mara nyingi sio hivyo kabisa. Instagram wenyewe wanasema idadi ya watu walioripoti posti haiamui kama itaondolewa, kinachoangaliwa ni kama imevunja kanuni au la. Kwa hiyo acha kuwawaza washindani, angalia kwanza mlango wa peji yako ukoje, maana peji nyingi zinapotelea hapo hata kabla ya kugusa kanuni yoyote.

Peji ya Facebook inaingiwa kupitia akaunti binafsi ya admini, sasa kama admini ni wewe peke yako na akaunti yako ikadukuliwa au ikafungwa, peji inabaki huko na hakuna wa kuifungulia. Weka watu wawili wenye mamlaka kamili, watu unaowaamini kweli, na yule kijana anayekusaidia kupost mpe ruhusa ya kupost tu, akiondoka kazini mtoe siku hiyohiyo usisubiri. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwa wote, yaani mtu akiingia anaombwa nywila na namba nyingine ya siri juu yake, na bora namba hiyo itoke kwenye programu ya simu ya kutoa namba hizo kuliko kwa meseji kwa sababu laini ya simu inaweza kupotea au mtu akaisajili upya kwa jina lako, halafu zile namba za akiba unazopewa za kuingilia ukikosa simu ziandike kwenye karatasi uzitunze.

Ukipata meseji inboksi inasema peji yako itafutwa ndani ya masaa 24 umevunja haki miliki bonyeza linki ukate rufaa, usibonyeze, tafadhali usibonyeze hata kama ina nembo ya Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram. Onyo la kweli utalikuta ndani ya programu yenyewe kwenye mipangilio, sehemu ya hali ya akaunti au hali ya peji. Fungua hapo mara kwa mara hata kama huna shida yoyote.

Kwenye posti, kinachowaumiza wafanyabiashara zaidi ni muziki. Wimbo unaousikia kwenye video za watu binafsi sio lazima uwe umeruhusiwa kwa biashara, Meta wana maktaba yao inaitwa Sound Collection na TikTok wana Commercial Music Library, chukua humo. Picha nazo hivyohivyo, kuandika jina la mwenye picha sio ruhusa, piga bidhaa yako mwenyewe kwa simu karibu na dirisha inatosha kabisa. Bidhaa feki zenye chapa za watu, sigara, silaha, dawa za kuandikiwa na daktari, hizo hata usijaribu. Wafuasi wa kununua pia acha, hawanunui kitu na wanakuweka kwenye kundi la akaunti za kutiliwa shaka.

Hili la zawadi wengi hawalijui: Facebook hawaruhusu shindano la kumlazimisha mtu ashee kwenye ukurasa wake binafsi ndio aingie. Mwambie akomenti chini ya posti yako, inaruhusiwa, na uandike kwamba shindano halidhaminiwi na Facebook.

Ikitokea umepewa onyo usifute posti kwa hasira ukaenda kupost nyingine ileile. Soma kanuni waliyoitaja, kama wamekosea kata rufaa kwa maneno machache yenye ushahidi, risiti ya mzigo au kibali cha mwenye picha. Alama nyingi za makosa kwenye Facebook zinaisha baada ya mwaka 1 kwa hiyo onyo moja sio mwisho wa peji. Ila kitu usichotakiwa kufanya ni kufungua peji mpya haraka ili kukwepa adhabu, hiyo nayo ni kosa na wanaweza kuifunga hiyo mpya pia, subiri jibu la rufaa na wakati huo waambie wateja wako kwa simu au WhatsApp mahali pa kukupata.