Kishikizo cha mbao cha hadubini ya kupimia ugumu wa risasi

Hadubini ndogo inayokuja na kipima ugumu cha Lee, kampuni ya Marekani, ni kifaa kizuri, ila kukishika ndiyo kazi. Ina saizi ya kalamu, inakuza mara 20, na ndani yake imechorwa mistari iliyoachana kwa inchi 0.002, yaani kama milimita 0.05. Ukiishika kwa vidole, pumzi tu inatosha kuihamisha mistari. Kule Marekani imekusudiwa watu wanaomimina wenyewe risasi za bunduki. Mimi huku Mwanza naipimia madini ya risasi ya kutengenezea chubwi, vile vizito vya kuzamishia nyavu za dagaa, na juzi nimemsaidia kijana anayemimina chubwi pale Mwaloni, Kirumba, kujitengenezea kishikizo. Aliniomba nimwandikie hatua zote, nikaona bora niziweke hapa ziwafae na wengine.

Chubwi inayobanwa kwenye kamba kwa nyundo inataka risasi laini. Risasi safi ina ugumu wa karibu 5 kwa kipimo cha Brinell, yule mhandisi wa Sweden aliyeonyesha mwaka 1900 kwamba ugumu wa chuma unaweza kupimwa kwa kukikandamiza kwa gololi. Vile vipande vya kubalansia tairi, kama ni vya risasi, huwa kati ya 9 na 12 kwa sababu vimechanganywa na metali ya antimoni. Ukivimimina kuwa chubwi, vikigongwa vinapasuka, na mvuvi anagundua usiku akiwa kati ya ziwa kwamba upande mmoja wa wavu hauzami. Kwa hiyo usomaji ni lazima uwe sahihi. Tunachosoma ni upana wa kibonyeo, lile shimo dogo linaloachwa na gololi ya kipima kwenye risasi: kikiwa kipana, risasi ni laini. Kibonyeo cha inchi 0.072 ni ugumu wa 9.8. Ukikosea mistari mitatu ukasoma 0.078, tayari umepata 8.2.

Vifaa

Kipande cha mninga mkavu, plaiwudi ya milimita 18, boliti moja ndefu ya M6 (unene wa milimita 6) na nati yake, boliti nyingine fupi, utepe wa mpira wa tyubu ya baiskeli, skrubu, tochi ndogo ya LED. Wengi wanapenda bomba la PVC kwa sababu halina kazi. Mimi silitaki. Linanepa, na hadubini inacheza ndani yake hata ukijaza karatasi.

Hatua ya 1: Kata gogo dogo

Sentimita 5 kwa 5, kimo 6. Omba kipande kwa seremala anayekarabati samani za zamani, maana mbao iliyozeeka ndani ya nyumba imeshamaliza kujipinda. Mbao mbichi itakuangusha mvua za masika zikianza.

Hatua ya 2: Toboa tundu

Hapa usiwe na haraka. Tundu likilala hata kidogo, utaona ukingo mmoja wa kibonyeo uko wazi na ukingo wa pili una ukungu. Utadhani tatizo ni lenzi, utaifuta mpaka uchoke, kumbe hadubini yenyewe imesimama upande.

Pima unene wa mwili wa hadubini kwa kalipa ya vernia sehemu ya juu, katikati na chini, kwa sababu mara nyingi haulingani. Klipu ya mfukoni kama inatoka, itoe. Chagua biti iliyo ndogo kuliko sehemu nene kwa nusu milimita. Usitumie drili ya mkono, hata kama mkono wako unausifia. Nenda kwa fundi mwenye drili ya mezani, umlipe kwa tundu moja.

Ukifika kwake, usiamini meza ya drili yake kabla hujaikagua. Nyingi zimelegea, zimeinama upande mmoja. Kukagua ni rahisi: chukua waya mgumu, upinde uwe kama herufi L, mwisho wake uelekee chini, ufunge mahali pa biti. Shusha mpaka ncha iguse meza kidogo tu, kisha zungusha kwa mkono, umeme ukiwa umezimwa. Ncha inatakiwa iguse mzunguko mzima kwa uzito uleule. Ikiachia upande fulani, legeza meza, inyanyue au ishushe, kaza, rudia. Guniya (kile kipimo cha pembe mraba) peke yake haitoshi, maana biti ni fupi na jicho linasamehe.

Toboa kwa kukatisha nyuzi za mbao, usifuate urefu wake. Biti inayofuata nyuzi hutangatanga, inaingia katikati na kutokea pembeni. Weka kipande cha taka chini ili upande wa kutokea usichanike, funga gogo vizuri lisizunguke, na kila sentimita moja nyanyua biti utoe unga. Ukilazimisha, biti inapata moto na kupinda njia.

Upande uliokuwa umelala juu ya meza ya drili ndio utakaokuwa chini ya kishikizo. Uwekee alama hapohapo kwa penseli. Usije ukaupiga randa baadaye ili upendeze, kwa sababu tundu limenyooka kwa kuufuata huo upande na si mwingine. Kisha viringisha msasa kwenye kijiti, panua tundu taratibu mpaka hadubini iingie kwa kusukumwa na kidole, bila kulegea.

Sasa ijaribu. Weka rula ya chuma chini ya hadubini na uangalie mistari ya milimita. Ncha zote mbili za mstari ziwe wazi kwa wakati mmoja, na milimita 1 ya rula ijaze karibu nafasi 20 za kipimo cha hadubini (kwa hesabu kamili ni 19.7). Zungusha hadubini robo, geuza na rula, tazama tena. Ukungu ukibaki upande mmoja, bandika kipande cha karatasi chini ya kona ya gogo mpaka uondoke. Karatasi moja ya daftari inaleta tofauti ambayo utaiona.

Hatua ya 3: Mpasuo na boliti

Pasua ubavu mmoja wa gogo kwa msumeno mpaka ufike kwenye tundu, pitisha boliti fupi ikatishe mpasuo. Ukikaza, tundu linaikumbatia hadubini; ukilegeza, inazunguka. Usigandishe kitu chochote hapa kwa supa gluu, kwani mvuke wake unaacha utando mweupe kwenye lenzi.

Hatua ya 4: Msingi na meza ndogo

Kwenye plaiwudi funga reli mbili zilizokatwa kutoka kipande kimoja ili zilingane unene. Gogo litakaa juu ya reli hizo, na katikati yake ipite meza ndogo ya kubebea kipande unachopima. Nyuma funga kibao chenye nati ya M6 iliyozamishwa, boliti ndefu ipite humo na kuisukuma meza. Mzunguko mmoja wa M6 ya kawaida ni milimita 1, kwa hiyo robo mzunguko inakusogeza nafasi tano. Mpira wa tyubu uivute meza irudi kwenye ncha ya boliti muda wote, la sivyo meza itachezacheza kila ukigeuza upande wa kuzungusha.

Hatua ya 5: Mwanga

Tochi moja, upande mmoja, imelala karibu sambamba na risasi. Mwanga wa simu kutoka juu unafanya uso wote ung'ae na ukingo unapotea. Ukiweka tochi mbili, unapata kingo mbili na hujui usome ipi. Kwa mwanga wa ubavuni utaona duara jeusi upande wa tochi na mwezi mchanga wa mng'ao upande wa pili. Risasi laini hujikusanya kidogo kuzunguka kibonyeo na kufanya mdomo. Soma ukingo wa ndani wa mdomo huo, usisome wa nje.

Hatua ya 6: Pima

Piga tupa risasi mpaka upate sehemu bapa. Lowesha kwa maji unapopiga, kusanya unga wote, nawa kwa sabuni kabla hujagusa ugali, na watoto wakae mbali. Risasi ni sumu inayokaa mwilini, na unga wake ukibaki kwenye nguo unaingia nyumbani kwako.

Kandamiza kwa gololi ya kipima, ile ya inchi 5/32, mpaka kipini kisawazike na kichwa cha kifaa, ushikilie sekunde 30. Drili ya mezani iliyozimwa inafaa sana kwa kazi hii. Kisha bandika kipande kwenye udongo wa kuchezea watoto juu ya meza ndogo, ukibonyeze kwa kioo bapa kilichoegemea reli zote mbili ili uso wake uwe sambamba nazo. Kipande kisivuke kimo cha reli. Leta ukingo mmoja kwenye mstari wa sifuri kwa boliti, soma wa pili. Zungusha hadubini robo, soma tena, chukua wastani.

Inchi 0.098 ni karibu 5, risasi laini kabisa. Inchi 0.080 ni karibu 8, na kibonyeo kikiwa kidogo kuliko hapo, yaani risasi ni ngumu zaidi, mimi siifanyi chubwi ya kubana: naitenga kwa chubwi nzito za tundu, zinazopitishwa kamba bila kugongwa nyundo.