Mnataka watu wa ofisini wajali afya? Anzeni hivi
Kwanza msianze na mashindano ya kupunguza kilo, hapo mnaaibisha watu tu. Muulizeni kila mtu mwenyewe anataka nini, kuna atakayesema apunguze soda, mwingine alale mapema, mwingine presha ishuke, na hiyo ibaki siri yake siyo ya kubandikwa ukutani. WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, wanasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi kwa wiki, ukigawa ni nusu saa siku tano, basi itoeni ndani ya muda wa kazi maana anayegombania daladala Mbagala alfajiri, jioni hana miguu ya kukimbia tena. Halafu chai ya saa nne, wekeni ndizi na karanga pembeni ya maandazi, ila maandazi msiyaondoe jamani, mtagombana bure.