Mizani kwanza: kuzuia wizi wa karafuu baina ya shamba na kituo

Karafuu zinazopotea Pemba haziibiwi na wageni tu. Nyengine hutoka kidogo kidogo, kwa mkono wa mchumaji, mwanikaji, mlinzi au dereva. Dawa yake ni kupima kila zinapokabidhiwa mtu mwengine, na kuandika papo hapo.

Anza na mizani yenyewe. Pima dumu tupu, tia lita 20 za maji, pima tena: tofauti iwe kilo 20. Fanya hivyo mbele ya wachumaji kila siku, maana anayeamini kapunjwa pishi yake, kipimo anacholipiwa, hujilipa mwenyewe. Pakacha huachwa chini ya mkarafuu, likafuatwa usiku. Kwa hiyo hesabu mapakacha yanayoingia shamba asubuhi na yanayorudi jioni. Kuwapekua akina mama si adabu. Mikoba yote ibaki bandani tangu asubuhi.

Zikishachambuliwa, pima karafuu mbali na makonyo, yaani vikonyo vyake, mbali. Karafuu mbichi hupoteza kama theluthi mbili ya uzito zikikauka, basi kilo 60 zitoe karibu kilo 20. Zikitoka 16, uliza. Zikitoka 24, uliza vile vile: ama hazijakauka, ama mtu katoa kavu akafidia kwa maji au makonyo. Uzito peke yake hudanganya. Tia mkono mpaka katikati ya polo, yaani gunia, kisha chini kabisa, utoe konzi moja kila mahali. Karafuu kavu huvunjika kwa mlio. Inayopinda ina maji. Makonyo ya konzi ile yahesabu uyaandike.

Hatari kubwa kuliko zote ni mvua ya ghafla. Kila mtu anakimbilia kuanua, karafuu zinachanganyika, na hapo hakuna anayejua nini kimekwenda wapi. Tangu mwanzo kila jamvi liwe na namba, mtu wake na polo lake, na zisichanganywe hata mvua ikiwa kubwa. Pima kila jioni. Uzito wa jamvi ukipanda siku ambayo haikunyesha, uliza: huenda mtu katia maji au makonyo.

Ghalani weka kufuli mbili, funguo kwa watu wawili wasio ndugu. Kwetu hilo ni zito, lakini ndugu wawili ni sawa na kufuli moja. Mapolo yakae juu ya mbao: unyevu wa sakafu huongeza uzito ukaficha upungufu. Shona kwa uzi wa rangi unaoutunza mwenyewe, ili mshono uliofumuliwa ujulikane.

Siku ya kwenda kituo cha ZSTC, shirika la serikali ya Zanzibar linalonunua karafuu, pima nyumbani, dereva atie saini, kisha linganisha na stakabadhi ya kituo siku hiyo hiyo.

Ukikuta upungufu usimtaje mtu wala asipigwe mtu. Funga ghala, ita sheha, kiongozi wa shehia yako, na mashahidi wawili, pima mapolo yote upya mbele yao, ndipo uende polisi na daftari lako.