Zima sauti kwanza

Ukitaka kutengeneza utangulizi wa filamu, ule wenye majina ya waigizaji na mafundi, usikimbilie kompyuta. Chukua mmoja uliotengenezwa vizuri uuchambue. Mimi huwa natumia wa Se7en (1995), filamu ya wapelelezi wanaomsaka muuaji; utangulizi huo ni kazi ya mbunifu Kyle Cooper. Utazame kwanza bila sauti. Utaona mikono inachuna ngozi ya vidole kwa wembe, inashona daftari, inafuta maneno kwa wino mweusi. Uso wa muuaji hauuoni, ila tabia yake umeshaipata. Hata herufi zinatetemeka, zimekwaruzwa kwa mkono.

Halafu fumba macho, sikiliza tu.

Mara ya tatu ndiyo yenye kazi (na ndiyo wengi huiruka). Shika kalamu na saa, simamisha picha kila jina linapotokea, andika limekaa sekunde ngapi, liko upande gani wa skrini, na nyuma yake kuna nini. Jina likiwekwa juu ya kitu kinachokwenda mbio, halisomeki. Kisha chora visanduku vya utangulizi wako, kimoja kwa kila picha, ukifuata sekunde hizohizo, lakini kwa vitu vya hadithi yako. Kama ni ya fundi cherehani, anza na sindano ikitungwa uzi.